Jina Chini ya Hadithi

Alphonse Asukulu alikuwa karani wa pamba, lakini ungemuuliza kazi yake angekutajia nyingine. Asubuhi alisimama penye mzani pale Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, akiandika magunia ya watu waliolima pamba kwa kulazimishwa, na watu hao walimsalimu bila kumpenda. Mchana, mzani ukishafungwa, alivaa shati safi akapanda misioni, na hapo ndipo siku yake ilipoanza. Nyuma ya shule kulikuwa na chumba kidogo chenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, ile watu waliyoiita ronéo, na ndani ya chumba hicho Mupe Roger, padri mwenye ndevu za manjano na subira fupi, alikuwa ameanzisha gazeti.

Liliitwa Kando ya Ziwa. Kurasa kumi na mbili, nakala mia mbili, mara nne kwa mwaka ikiwa wino haukuchelewa njiani kutoka Bukavu. Habari za serikali hazikuwamo. Kulikuwa na ngano, methali, mashairi ya walimu waliojua kulia kuliko kuandika, na picha. Picha zote zilikuwa za Alphonse. Alizichora kwa msumari ulionolewa juu ya karatasi ya nta, pole pole, maana msumari ukiteleza mara moja tu, karatasi imepasuka na uso wa mtu umekwenda nayo. Maandishi pia aliyapiga yeye kwa taipureta. Kwa kusema kweli, padri alikuwa na gazeti na Alphonse alikuwa na kazi. Lakini aliipenda, na mtu akishapenda humwambii kitu.

Nyumbani kwake, ng'ambo ya ua wa matete, aliishi mama mkwe wake. Mume wa mama huyo alikufa kule Mboko, na matanga hayajaisha, wadogo zake marehemu walikuja wakauchukua mtumbwi, wakisema ni wa ukoo. Mtumbwi wenyewe, mama huyo ndiye aliyewapikia mafundi miezi miwili kule msituni walipokuwa wakiuchonga. Hakuna aliyelikumbuka hilo. Akafunga mzigo wake, akaja Baraka kwa binti yake Félicité, mke wa Alphonse.

Sasa, kwetu Wabembe mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, na jina lake halipiti kinywani mwake hata akibanwa. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Likiwapo neno la kuambiana, mke ndiye daraja. Kwa miaka minne Alphonse alikuwa akimjua mama huyo kwa mgongo na kwa sauti tu. Mimi si mkwe wake, kwa hiyo nalitaja: aliitwa Mlasi wa Etungu.

Na sauti yenyewe, jamani. Kila jioni Mlasi alikaa akimenya mihogo, watoto wa majirani wakamzunguka, akawasimulia. Alphonse alikuwa na kiti chake upande huu wa ua, na penseli. Jioni moja ya mwaka 1955 alisikia hadithi ambayo hakuwahi kuisikia kwa mtu mwingine. Mjane asiye na mtoto anazaa kasia. Watu wanamcheka, lakini kasia lile linakwenda ziwani lenyewe, linarudi na samaki, na kila jioni linalala mlangoni pa mama yake. Mashemeji wanaona kijicho. Wanalichukua, linakataa kuwatumikia, basi wanalipasua kuni. Wanapika nalo, na kila anayekula chakula kile anahisi njaa palepale alipoketi. Ndiyo maana, alimalizia Mlasi, wako watu wanaokula kila siku na hawashibi.

Alphonse aliandika mpaka penseli ikaisha ncha. Toleo lililofuata lilitoka na hadithi ya kasia ukurasa wa tatu, na chini yake: Alphonse Asukulu, Baraka. Alijiambia kwamba ngano ni mali ya wote. Alijiambia pia kwamba hata angetaka kuweka jina la mwenyewe, mkono wa mkwe hauwezi kuliandika. Alikuwa na sababu mbili, na mtu mwenye sababu mbili mara nyingi hana hata moja.

Hadithi ikapendwa kuliko kitu chochote kilichowahi kuchapwa na ronéo ile. Mwalimu mmoja wa Fizi aliwafundisha wanafunzi wake wakaijua kwa moyo. Barua ilikuja kutoka Uvira ikimsifu mwandishi kijana. Alphonse alivimba kichwa, nitasema nini zaidi. Alianza kutembea kama mtu anayepigwa picha. Félicité, aliyesoma kwa masista, ndiye aliyempelekea mama yake gazeti, akamsomea lote kwa furaha mpaka mstari wa mwisho. Aliporudi hakuwa na furaha. Alisimama mlangoni, akamfikishia mumewe maneno kama alivyotumwa.

“Mama anasema hivi: balinikamatia mutumbwi, nikanyamaza. Sasa mukwe wangu ananikamatia hata na kasia.”

Hapo ndipo Alphonse alipofahamu kwamba hadithi ile haikutoka kwa mababu. Mlasi alikuwa ameitunga mwenyewe, kwa msiba wake mwenyewe, na ndiyo mali pekee aliyotoka nayo Mboko bila mtu kumpokonya. Kwa wiki nyingi hakuweza kuchora. Msumari ulipasua karatasi moja baada ya nyingine, mpaka Mupe Roger akamwuliza kama ni mgonjwa.

Akamweleza. Padri alisikiliza, akasema dawa ni rahisi: kuichapa upya, na jina la mwenyewe. Alphonse akaomba iandikwe Mama Félicité tu, kama watu wote wanavyomwita. Padri akakataa. Pale Baraka peke yake, alisema, aliwajua akina Mama Félicité watano, na aliyetunga kitu kizuri hivyo ana haki ya jina lake kama Mzungu yeyote. Mila ya mkwe hakuielewa, au aliielewa akaiona ndogo.

Sitasema padri alikosea. Wala sitasema alikuwa sahihi. Alphonse alizunguka na jambo hilo siku tatu. Kunyamaza ni kubaki mwizi. Kusema ni kumvunjia heshima mama wa mkewe mbele ya nchi nzima. Siku ya nne alipiga moyo konde, akaketi mbele ya taipureta, akaliandika jina ambalo hakuwahi kulinong'ona hata peke yake: Hadithi hii ni ya Mlasi wa Etungu, wa Mboko, aliyeitunga. Jasho lilimtoka kama mtu aliyebeba gunia. Kisha akachora picha ya jalada: mwanamke anakwenda zake njiani, kikapu kichwani, mgongo kwetu. Watu wa misioni walisema picha hiyo haina uso. Hakuwa na uso wa kuchora. Alichora alichokijua, na naamini ndiyo picha bora aliyowahi kuifanya.

Félicité alilipeleka gazeti kwa mama yake. Alphonse akakaa upande wake wa ua akingoja, lakini hakusikia kilio wala neno la hasira, wala shukrani. Félicité alirudi akasema mama amelipokea, basi, na amelitia ndani ya kikapu chake.

Siku ya nane wakaja watu wa Mboko. Walikuja kwa mtumbwi, na kila aliyekuwa ufukoni alijua ni mtumbwi gani. Msemaji wao alikuwa Jacques, mdogo wa mwisho wa marehemu, mtu wa maneno laini ambaye hakuna aliyewahi kumwona na hasira. Hata siku hiyo hakupandisha sauti. Alikataa kiti, akakataa maji, akasema ukoo umetukanwa. Alphonse hakubisha. Alisema yuko tayari kutoa mbuzi, hata wawili.

“Mutu akitaja jina ya mama mukwe na kinywa, tunachinja mbuzi, inaisha,” Jacques alisema. “Lakini karatasi haifunge kinywa. Kila mutoto wa école akiisoma, ni we unaitaja tena. Choma yote. Siku karatasi yote itaisha kuchomwa, Félicité bibi yako atarudia.”

Wakamchukua Félicité, na mtoto wake mdogo mgongoni. Wakamchukua na Mlasi pia, wakisema mama yao hawezi kulala penye ua wa mtu aliyemvua nguo. Hivyo daraja likaondoka pamoja na watu wote aliowafikia kwalo. Alphonse alibaki na nyumba, viti vinne, na ua wa matete usiokuwa na sauti nyuma yake. Alilia, na hakuona haya kulia.

Akaanza kukusanya. Jumamosi na Jumapili, kwa baiskeli na kwa miguu, aliyatafuta magazeti yake mwenyewe kama askari anayetafuta pombe haramu. Walimu wa Fizi walimpa yao kwa kunung'unika. Kule Mboko, mwanamke mmoja muuza samaki, Adolphine, alikataa kabisa kumpa lake. Hakujua kusoma, lakini alikuwa amesomewa mara tatu. Tangu karatasi hii ifike, alisema, Jacques akileta samaki ufukoni wanawake wanamwuliza kama ameshiba, na siku hizi anauza nyuma ya nyumba. Akacheka mpaka akakohoa. Alphonse hakucheka naye. Alimsihi, akampigia magoti mbele ya beseni la samaki, mpaka mama wa watu akamwonea huruma, akamtupia. Masikio ya Alphonse yalikuwa yamesikia kila kitu, lakini moyo ulikuwa kwa mkewe, na moyo ukiwa mahali pengine masikio ni mapambo.

Nakala moja ilikuwa imepanda milima hadi Bibokoboko, kwa Sebatware, mfugaji na mzee wa kanisa la Waprotestanti, aliyependa kusoma kiasi cha kusamehe kwamba gazeti lilitoka kwa mapadri. Alphonse alitembea siku mbili kumfikia. Sebatware alimpa maziwa, akamsikiliza hadi mwisho, akaleta gazeti lililokunjwa vizuri ndani ya kitambaa. Kabla hajalitoa mkononi aliuliza jambo moja tu: mama mwenyewe anasema nini?

“Mukwe haulizake mama mukwe kitu,” Alphonse alijibu.

Mzee akamtazama kidogo, akampa gazeti. Alisema kwamba kwao pia iko heshima ya wakwe, lakini heshima ni ya yule anayeheshimiwa, si ya shemeji zake. Alphonse alishukuru kwa maziwa, akashuka. Alikuwa na haraka.

Yalipokusanyika yote yaliyoweza kupatikana, aliyapeleka Mboko, yakachomwa ufukoni mchana kweupe. Jacques alisimamia mwenyewe, akiyageuza kwa fimbo ili yashike moto mpaka katikati. Félicité alirudi siku ileile, na mama yake nyuma. Kikapu cha Mlasi kilikuwa kimepekuliwa na gazeti lake lilikuwa limechomwa pamoja na mengine. Mupe Roger alipopata habari akamnyang'anya Alphonse ufunguo wa chumba. Mtu anayechoma kazi yake mwenyewe, alisema, hatamwachia tena karatasi. Akajaribu kuendelea na mwalimu mwingine, ambaye mkono wake ulipasua nta kila siku, na kabla ya Pasaka ya 1957 Kando ya Ziwa ilikuwa imekufa. Kilichobaki duniani ni lile toleo la kwanza la hadithi, ambalo hakuna aliyeagiza lichomwe. Shuleni Fizi waliendelea kulikariri, na jina la Alphonse chini yake.

Alphonse alijifariji kwamba angalau amemrudishia mama heshima yake. Faraja hiyo ilimdumu siku sita. Siku ya saba, amekaa kwenye kiti chake jioni, alisikia kisu cha kumenyea mihogo kikinyamaza upande wa pili, na sauti ile aliyoijua kuliko uso wowote ikasema naye moja kwa moja, bila daraja, jambo ambalo halijawahi kutendeka.

“Mukwe, sikia. Usijibu. Félicité alinionyesha mahali jina yangu iko. Kila siku nilikuwa naweka kidole pale. Batu ba Mboko baliposoma ile jina, balijua ile kasia ni mutumbwi ya nani. Ni ile ilichoma Jacques roho, haiko heshima yangu. Jina ni yangu mi. Muliisemea, mulikusanya, mulichoma, na hakuna hata mutu mumoja aliniuliza.”

Alphonse alisimama. Alikumbuka kila kitu kwa mara moja: Jacques mwenye maneno laini, Adolphine akicheka, mzee wa Bibokoboko na swali lake. Aliambiwa asijibu, akatii, kama alivyotii siku zote mahali pasipofaa. Upande wa pili kisu kikaanza tena kazi yake.

Watoto wa majirani walikuja kama desturi, wakakaa, wakangoja hadithi. Mlasi akawaambia hadithi zimeisha hapa. “Muende kule kwa karani,” alisema. “Ni ye mwenye hadithi.” Wakauzunguka ua mbio, wakamkuta Alphonse bado amesimama, wakajipanga chini mbele yake, nyuso zimeinuliwa. Hakuwa na hata moja ya kuwapa.