Tonge la Mwenzangu

Mimi mtu akija na habari ya kifo, humtazama viatu kwanza. Yule askari alivaa raba za buluu, moja imekatwa mbele kupisha vidole vilivyovimba, nikamtilia shaka hapo hapo. Askari gani huyo? Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, lakini hofu haikuwa imekwisha. Tulikuwa tumezoea kuambiwa kwamba mgeni yeyote apelekwe kwanza kwa balozi wa nyumba kumi. Naye alipelekwa. Akasema kwao ni Songea, ameshuka na lori Nachingwea, amekuja Chiola kumpa pole mama wa rafiki yake waliyekaa naye handaki moja.

Rafiki yake! Alikuwa wangu kabla hajawa wake. Tuliingia jandoni pamoja, tukalala ubavu kwa ubavu kumbini mpaka vidonda vikapona. Mle chakula ni cha wepesi, sinia moja mikono mingi, ukichelewa kunawa unakuta harufu ya mboga. Mimi nilikuwa mzito wa kila kitu. Basi yeye alikuwa anamega tonge la mwisho, analisukuma pembeni mwa sinia, analifunika kwa kiganja, anasema, "La mwenzangu, anakuja." Mkono wa mtu ukisogea, anaupiga. Tabia hiyo alirudi nayo nyumbani. Mama yake alimgombeza hadi akachoka, kwamba mwenzio ana kwao na ana mama yake anayempikia. Hakusikia.

Tulipokua, yeye akaenda jeshini, mimi nikawa mwalimu, nikapangiwa shule huko Malolo. Vita vikaja, na siku moja ofisi ikaleta habari Chiola kwamba kijana amefariki, amezikwa huko huko Kagera. Mama yake akauliza nani kamwosha, nani kamzika, nani wa kwetu kaliona kaburi. Aliyeleta habari akasema yeye katumwa tu. Tena majina yetu huku ni yale yale. Darasani kwangu ukiita jina lake, wanaitika watoto kila pembe. Mama akasema wamekosea mtu, wamechukua kifo cha mwana wa mwingine wakamletea yeye. Akakataa matanga. Kumwekea matanga mtu aliye hai, alisema, ni kumwua kwa mkono wako.

Mjomba wa marehemu, ambaye kwetu ndiye mwenye neno, alikasirika. Mke wa kijana alikuwa amekaa tu, si mke si mjane, na watu hawakosi la kusema. Lakini hata mjomba aliogopa kumlazimisha dada yake. Na mimi nilikuwa upande wa mama. Nilimtaka mwenzangu awe hai, basi, hata kama ametoroka, hata kama ameoa huko na kutusahau wote.

Kwa hiyo askari alipofika, mama alimtuma mtu kuniita Malolo. Nikafika na baiskeli, vumbi hadi kwenye nyusi. Akanivuta nyuma ya jiko.

"Wewe ulilala naye kumbini. Mwulize huyo mtu. Ukisema ni kweli, nitaweka matanga. Ukisema ni mwongo, aondoke kwangu."

Nikamwuliza. Nilitaka kujua kovu la rafiki yetu liko wapi. Akasema hakumkagua, walikuwa vitani. Chakula gani alikipenda? Chochote kilichopatikana. Alinitaja? Akafikiri, akasema hakumbuki jina langu. Hilo liliniuma kuliko yote. Nikamtegea mtego, nikasema rafiki yetu alikuwa hodari wa gitaa, sivyo? Akaitika, ee, alikuwa hodari sana. Mwenzangu hakuwahi kushika gitaa maishani mwake! Nikajisemea, nimekupata, bwana mkubwa. Nikaona na mkanda aliovaa, mkanda mzuri, nikaanza kujiuliza kaufungua kiunoni mwa nani.

Jibu la mama nikaliweka kwanza. Chakula kilikuwa kimeiva, ugali wa muhogo na kuku wa mgeni, tukaenda kunawa barazani. Mjomba akamwuliza kabila lake. Akasema Mngoni. Mjomba akapiga paja, maana Wangoni ni watani wetu, na mtani kwetu ana ruhusa ambayo ndugu hana. Kwenye msiba anaweza kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa na hakuna wa kumkasirikia.

Askari akaweka maji chini. Akasema tangu jana anahojiwa kama mwizi wa kuku, na kila alilodhani litatufariji amelikubali, hata gitaa. Sasa atafanya la mtani. Akasimama, akavuta kofia hadi masikioni, akatembea akichechemea kwa vile vidole vyake, akapiga saluti ya mkono wa kushoto, akakoroma. Watu wakaanza kucheka kwa kujificha. Mimi sikucheka. Niliona askari yeyote angeweza kuigizwa hivyo.

Kisha akakaa kwenye sinia, akala kwa pupa kama mtu anayeitwa. Ugali ulipobaki kidogo, akamega tonge, akalisukuma pembeni, akalifunika kwa kiganja. Mjomba aliponyoosha mkono, akaupiga.

"La mwenzangu, anakuja," alisema. Akatugeukia, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Kila siku hivyo. Tuna njaa, yeye anaweka tonge. Tukimwuliza huyo mwenzio nani, anasema yuko kwetu, ni mzito tu."

Hakuna aliyecheka tena. Mama alikuwa mlangoni mwa jiko, mwiko bado mkononi. Hakumtazama askari. Alinitazama mimi.

"Kama ni lako," alisema, "ulile."

Nilielewa ananiuliza nini. Nikiliacha pale, askari ni mwongo na mwanawe angali njiani. Nilitaka kuliacha, Mungu anajua. Nilitaka nirudi Malolo nikafundishe hesabu.

Nikalichukua. Lilikuwa limepoa, limeshika alama za vidole vya yule Mngoni. Nikalitafuna watu wote wakinitazama, nikalimeza. Mama akaweka mwiko chini, akajifunga kanga kichwani, akakaa pale pale vumbini, akaanza kumlilia mwanawe kwa jina lake.