Muwa wa Shiundu

Kwa nini mtoto anayetafutiwa urefu anyimwe chakula? Swali hilo lilinirudia juzi kule Malava, nilipomwona mvulana akitafuna muwa kando ya barabara, utamu ukimchuruzika hadi kiwikoni.

Mdogo wangu Shiundu alikuwa na miaka tisa na kimo cha mtoto wa miaka mitano. Tulikuwa wodini mjini Kakamega, harufu ya spiriti imetanda. Hakuwa amekula tangu jana yake, na daktari alichelewa hadi alasiri.

"Asile kitu, mmesikia?" nesi alituonya. Hakutoa sababu, nami sikuamini katazo lisilo na sababu. Nilidhani dripu aliyokuwa akingoja kutundikiwa ni dawa ya kurefusha. Ingemkuza vipi tumbo likiwa tupu?

"Dada, nakufa njaa."

Mama alipoenda msalani, nilitoa kipande cha muwa ndani ya sweta. "Tafuna polepole. Na usiniseme."

Dripu ikatundikwa. Akatolewa damu mara kadhaa, akinitazama tu bila kulia. Jioni nilimpima mlangoni. Kimo kilekile.

Majibu yalisema mwili wake hautoi homoni ya kukua.

"Sasa atabaki hivi, Mungu wangu?" Mama alilia, na hakumrudisha hospitalini tena.

Nilipofika chuo kikuu ndipo niliposoma kwamba dripu ile ilikuwa ya kipimo tu, asidi ya amino ya kuiamsha tezi iliyo chini ya ubongo itoe homoni hiyo, na kwamba sukari huweza kuizuia hata tezi isiyo na kasoro isiitoe.