Gati la Mama wa Matobolwa

Mwezi uliopita, nikitoka Magu, nilinunua matobolwa barabarani, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani. Kabla sijamaliza kutafuna cha kwanza mawazo yalikuwa yamesharudi shuleni kwetu Ilemela.

Shule yetu, ndugu yangu, ilikaa mawe juu, ziwa chini. Ilikuwa miaka ile ya tisini, viwanda vya minofu ya sangara vinafunguliwa na mitumba imejaa sokoni, lakini shuleni hapakuwa na bomba. Kila asubuhi kila mtoto alipanda na dumu lake la maji ya ziwa, ya kumwagilia bustani na kunyunyizia vumbi la madarasa. Bado nasikia madumu yakigongana njiani.

Kisha magugu maji yakaja. Yalifunika ufuko mzima, kijani kibichi chenye maua ya zambarau, na nisiseme uongo, yalipendeza. Ndege walitembea juu yake, nasi tukaamini mtoto mwepesi naye anaweza. Asubuhi moja mwenzetu wa darasa la tatu alitaka maji safi yaliyokuwa ng'ambo ya magugu. Akakanyaga kijani kile, akazama. Wavuvi walimtoa akiwa ameshafariki. Alikuwa mtoto wa mama aliyetuuzia matobolwa wakati wa mapumziko.

Msibani kila mtu alimwambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Baada ya matanga hakuja tena kuuza, na binti yake aliyebaki, wa darasa la kwanza, akamzuia nyumbani. Wazazi wengine wakaanza kufanya vivyo hivyo. Mimi nililia, maana niliona shule inatufia mikononi.

Mwalimu mkuu akaitisha kikao, akaanza na maneno yaleyale ya msibani. Yule mama akasimama kule nyuma, kanga imefungwa kiunoni.

"Kazi ya Mungu haina makosa, mwalimu," alisema. "Ya kwetu inayo. Watoto tuliwatuma mahali pasipo na njia, na wote tulipajua."

Mwalimu mkuu, mtu tuliyemwogopa hata kivuli chake, alivua kofia. "Ni kweli, mama. Kosa ni letu, na mimi ndiye wa kwanza."

Jumamosi iliyofuata walikuja wote. Wenye mapanga walikata magugu, wenye nyundo walipasua mawe, wengine wakapokezana mawe hayo mkono kwa mkono hadi majini. Kinamama walisonga ugali, dagaa wakanukia ufuko mzima. Jumamosi baada ya Jumamosi, gati la mawe likaota mpaka kwenye maji maangavu, na kamba nene ya kushikilia pembeni. Mvuvi mmoja akatufundisha kuogelea. Bibi yangu alinung'unika kwamba msichana anayeogelea hataolewa, nami niliogopa kwa muda wa kutoka nyumbani hadi ziwani tu.

Gati lilipokwisha, yule mama alifika na binti yake. Alitembea peke yake hadi mwisho, akikanyaga kila jiwe kwa kisigino, akavuta kamba kwa uzito wake wote. Akarudi, akamkabidhi mtoto dumu tupu.

"Nenda ukachote, mama," alimwambia.

Tangu siku hiyo alikaa ufukoni kila asubuhi na kapu lake. Tulidhani anatafuta wateja, lakini kapu halikufunguliwa hadi mapumziko. Midomo yake ilikwenda polepole. Alikuwa akituhesabu, walioshuka na waliopanda, wa kwake na wa wenzake, na hakuinuka mpaka hesabu itimie.

Mama yule hayupo tena. Gati nalo limemezwa na maji, na mawe ya juu watu wamejengea misingi ya nyumba. Shule ina bomba, ina ukuta, na wazazi huishia getini. Wanangu wakiondoka asubuhi nasimama mlangoni, midomo inakwenda. Ninao wawili tu, lakini nahesabu.