Vipande Kumi vya Mkate

Usinicheke kabla sijamaliza. Nina digrii, lakini hapa Riyadh nafanya kazi za ndani kwa familia ya Kiyahudi ya kigeni. Wayahudi wenzao wachache huja kusali sebuleni. Pasaka yao, ambayo hawali mkate wa hamira, ilipokaribia, madam aliniambia, "Mercy, hata chembe ya mkate isibaki humu ndani." Nikasugua wiki nzima, hadi matundu ya soketi.

Siku ya mwisho nikakuta kipande cha mkate dirishani, kimefungwa kwa karatasi. Kingine kilikuwa chini ya mto. Vikafika kumi. Nikawaza: huu ni mtego, wananipima, kesho narudishwa Kenya. Nikivitupa kwenye pipa la jikoni, naacha ushahidi. Nikavila vyote, vikavu hivyo hivyo, nimejifungia bafuni.

Magharibi taa zote zikazimwa. Baba mwenye nyumba akaja na mshumaa na unyoya, wale waumini wa sebuleni wakimfuata. Wakaangalia dirishani. Wakainua mto. Kila nilipopita mimi, nao wakapita, kana kwamba walikuwa wakiniona mchana kutwa. Mwishowe mshumaa ukasimama mbele ya uso wangu.

"Mercy," madam akanong'ona, "tulificha vipande kumi ili tuvitafute. Ndiyo desturi ya sikukuu. Viko wapi?"

Nikashika tumbo. Hakuna aliyecheka. Baba akasogeza unyoya taratibu, akafagia chembe iliyobaki kwenye kola yangu, akaitia kwenye mfuko wa karatasi.

"Haya," akasema, "tumepata moja."