Mlango wa Pili wa Chumba cha Mama

Mtaa mzima walimwita Mama Chaki, kwa sababu kipande cha chaki ya kushonea hakikumtoka mfukoni, awe kazini au msibani. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, mwanamke wa ulimi mwepesi na roho isiyotulia, na kwa kuwaambia wateja "njoo kesho" hakuwa na mpinzani. Mungu naye ana utani wake. Siku alipoanza kujenga, mwashi aliyempata alikuwa mtu ambaye mtaani hakuwa na jina jingine ila Kesho.

Kesho hakuwa mtu mbaya, na kuta zake zilinyooka. Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kumwona ana haraka. Alipanga tofali moja, akarudi nyuma, akalitazama kama mchumba, akalisogeza kidogo, kisha akakumbuka kwamba hajanywa maji. Siku nyingine hakuonekana kabisa. Ukimpigia simu yuko njiani, na njia hiyo sijui ilipita wapi, maana iliweza kumchukua juma zima.

Kwa mtu mwingine hayo yangekuwa mambo ya kucheka. Mama Chaki hakuwa na nafasi hiyo. Alikuwa akishindana na macho ya mama yake.

Mama yake alikuwa anapofuka polepole. Daktari wa macho alisema kilichopotea hakitarudi, na kwamba yale matone ya kila siku ni ya kuchelewesha tu. Kisha, walipokuwa wameshasimama waondoke, akamvuta Mama Chaki pembeni. "Kama mna mpango wa kuhama, mhamishe angali anaona," alisema. "Akiizoea nyumba kwa macho, baadaye ataitembea hata bila macho. Ukimhamisha akiwa gizani, atakuwa mgeni humo maisha yake yote."

Neno hilo, mgeni, lilimganda kifuani. Mama alikuwa amepanga vyumba vya watu tangu ujana wake, akiombwa mara apunguze sauti, mara asianike nguo mbele. Hata sasa walikuwa wapangaji wa vyumba viwili kwenye ua wa watu wengi, na kufika bafuni ilibidi kuvuka mtaro wa maji machafu ulio wazi. Mama alishawahi kutumbukia humo. Alitoka akicheka, goti linavuja damu, ili binti yake asilie. Mama Chaki hakulia, ila tangu siku ile usingizi wake ukawa wa kuibia.

Kwa hiyo alijenga roho mkononi. Kiwanja kilikuwa mwisho wa uchochoro wa pale walipopanga, na kila alipofunga kibanda chake cha kushonea alipitia huko kuona kilichoongezeka. Mara nyingi hakikuongezeka kitu. Akifika nyumbani alimpima mama yake kwa hila, maana kumuuliza waziwazi aliogopa. Alikuwa akimwekea mapajani kipande cha kitambaa kilichobaki kazini.

"Mama, hii rangi gani?"

"Buluu ya wale wa sekondari. Kwani unaniona mtoto?"

"Na hii?"

"Kijani. Hebu nipishe nipumzike, bwana."

Hapo Mama Chaki alipumua. Mama bado anaona, muda bado upo. Lakini asubuhi yake angemkuta anamimina chai nje ya kikombe, au anaisalimia kanzu iliyotundikwa mlangoni, na moyo ukaanza kumdunda upya. Wateja walisema siku hizi anashona huku akiongea peke yake.

Mama mwenyewe hakuonekana kuwa na wasiwasi wowote. Aliomba jambo moja tu katika nyumba nzima: madirisha yapakwe buluu. Mama Chaki alikuwa ameshanunua kopo la rangi hiyo kabla hata msingi haujakauka, akalificha chini ya meza ya kukatia nguo. Kila akiwa na hofu alilisukuma kwa mguu kuhakikisha bado lipo. Kila siku, jua likishachangamka, mama alibeba chupa ya chai akashika ukuta wa uchochoro kwenda kuwapelekea mafundi. Akiulizwa, alisema ananyoosha miguu. Binti yake hakufurahi, kwa sababu chai ikifika Kesho anakaa, na Kesho akikaa kumwinua ni kazi.

Kuta zilipofika usawa wa kichwa, ujenzi ukasimama kabisa. Kilichokwamisha ni fremu moja. Chumba cha mama kilichorwa kiwe na milango miwili, mmoja wa kutokea koridoni, na wa pili, mwembamba, wa kuingia bafuni moja kwa moja, asihangaike. Seremala alileta fremu zote isipokuwa hiyo ya pili. Mara mbao hazijakauka, mara amefiwa, mara fremu iko tayari ila gari hakuna. Kesho naye akasema bila fremu hawezi kumaliza ukuta ule, na bila ukuta ule hawezi kumwaga linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha kuzunguka nyumba nzima. Bila linta hakuna paa. Na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kila alasiri.

Mama Chaki aliyatazama mawingu hayo mpaka shingo ikamuuma. Mvua ikikuta nyumba haina paa, mafundi watatawanyika, na wakirudi mama atakuwa wapi? Siku moja akaacha cherehani ikiwa na sindano ndani ya nguo, akaenda kiwanjani karibu anakimbia.

"Kesho, huo mlango ziba."

Kesho aliteremka kwenye jukwaa lake la mbao, taratibu kama kawaida yake. "Uzibwe vipi, dada?"

"Ujenge tofali mpaka juu, umwage linta, tuezeke. Bafuni atapitia koridoni. Ni hatua chache tu."

"Bibi anajua?"

"Nyumba anajenga nani?"

"Unajenga wewe. Lakini huu mlango bibi anaupenda. Akija hapa..."

"Mlango si kitu," alimkata. "Nikishona sketi nikakosea mpasuo, naziba, siku nyingine nafumua. Tutafumua baadaye. Ziba."

Kesho alitaka kusema jambo. Badala yake akashika mwiko wake. Ajabu ya Mungu, kwa mara ya kwanza alifanya kazi haraka. Yale mawingu yalikuwa yamemtisha hata yeye. Ukuta ukapanda, linta ikamwagwa, na mama akaambiwa asipeleke chai mpaka zege lishike, kwa sababu pale ndani kulikuwa na msitu wa miti ya kushikilia mbao. Mama aliuliza mara kadhaa kama miti haijaondolewa. Mama Chaki alidhani ni hamu ya kuhamia, akafurahi.

Miti ilipoondolewa, alimchukua mama yake akamwonyeshe. Ilikuwa siku ya mapumziko, jua limewaka, mawingu yameyeyuka kana kwamba yalikuja kutania tu. Kesho naye alikuwepo, anachomoa misumari kwenye mbao. Nyumba haikuwa bado na paa, na mwanga ulijaa vyumbani mpaka unaumiza macho.

Mama hakungoja kushikwa mkono. Aliinua mguu pale penye kizingiti, akapita sebule bila kugusa kitu, akaingia koridoni, akakata kulia kwenye mlango wa chumba chake. Mama Chaki alimfuata nyuma, na furaha ilimpanda hadi akataka kupiga vigelegele. Anaona! Mtu asiyeona hawezi kutembea hivi!

"Hapa kitanda changu," mama alisema katikati ya chumba. "Kichwa upande huu, jua la asubuhi lisinipige usoni. Kabati hapo. Usiku nikiamka, sitamsumbua mtu. Nashuka, nakuja hivi, hatua moja, mbili, tatu..."

Akaenda moja kwa moja, kichwa juu, kwa mwendo wa mtu aliye kwake, akajigonga uso kwenye ukuta.

Haukuwa mgongano mkubwa. Lakini hakuna mtu mwenye kuona, hata kidogo, ambaye angeshindwa kuliona lile pande la matofali ya kijivu kwenye mwanga ule. Mama alirudi nyuma nusu hatua. Mikono yake ikapanda ukutani, ikashuka, ikaenda kushoto, ikarudi kulia, ikaenda tena kushoto kwa haraka zaidi. Hofu ambayo Mama Chaki hakuwahi kuiona kwenye uso ule ilikuwa wazi sasa.

"Nimepotea," mama alisema kwa sauti ndogo. "Mwanangu, nimepotea. Hapa palikuwa na mlango."

Mama Chaki alimkumbatia kwa nyuma. "Hujapotea, mama. Mlango niliuziba mimi." Kisha, kwa shida, akauliza, "Tangu lini?"

Mama aliendelea kupapasa ukuta. "Fremu za madirisha zilipoletwa, nilizisikia tu zinashushwa."

"Na vitambaa? Ulikuwa unanitajia rangi!"

"Buluu yako ni nzito, inakwaruza. Kijani ni laini. Nimekaa na vitambaa vyako miaka yote hii, nisivijue?" Aligeuka, mkono mmoja ukibaki ukutani. "Ningekuambia ungechanganyikiwa. Tayari ulikuwa huli. Nikasema acha nijifunze nyumba yangu kabla hujagundua. Kesho alikuwa ananizungusha kila siku, ukuta ungali chini, nagusa kila kona. Wewe ulidhani chai ile niliileta ya nini? Nilitaka akae. Nilikuwa naomba nyumba ichelewe kidogo, nimalize kuizoea."

Mama Chaki alimtazama Kesho. Kesho aliangalia viatu vyake.

"Bibi alinikataza kusema, dada," alisema. "Siku ile nilitaka, ukanikata."

Alitamani kumgombeza mtu, akatafuta wa kumgombeza, hakumpata. Alichokimbilia miezi yote kilikuwa kimeshapita bila yeye kujua. Na ule mlango mmoja ambao mama alikuwa ameushika kichwani, aliuziba yeye, binti, kwa mdomo wake mwenyewe. Alilia bila kujificha. Mama alimpapasa usoni, akamfuta kwa kiganja chenye vumbi la simenti.

"Kesho," Mama Chaki alisema, "vunja."

"Paezekwe kwanza?"

"Vunja kwanza. Paa lisubiri. Mvua ikinyesha, inyeshe."

Kesho alisogea, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Upana wake sasa sikumbuki vizuri."

"Mimi nakumbuka," mama alisema. Aliusogelea ukuta, akapapasa mpaka kona ya chumba, akarudi akipima kwa viganja, kimoja baada ya kingine, akasimama. Akatandaza mikono yake kushoto na kulia, kifua karibu kugusa tofali. "Ulikuwa hapa. Mpaka hapa."

Mama Chaki alitia mkono mfukoni, akatoa chaki.

"Simama hivyo hivyo, mama. Usitikisike," alisema, kama alivyozoea kuwaambia wateja, na akachora mstari ukutani kando ya kila kiganja, kutoka chini hadi juu alipoweza kufika. Mistari ikaenda mshazari. Kesho alisema ataisawazisha kwa timazi, ile kamba yake yenye uzito.

"Na madirisha?" mama aliuliza, mikono bado iko ukutani. "Rangi umeshapata?"

"Ile buluu yako ninayo. Iko chini ya meza."

"Vizuri. Ukishapaka, njoo uniambie ikoje."