Rangi Mbili za Mama Elisante

Mtaani Chang'ombe, Dodoma, walimwita daktari, naye Evarista, mama Elisante, hakukataa. Miaka ya tisini ile biashara ilishafunguliwa, maduka yameota kama uyoga, na yeye katika kibanda chake cha sabuni na chumvi akaweka na vidonge vya rangi mbili. Kikohozi? Rangi mbili. Tumbo? Rangi mbili. Kidonda ndiyo usiseme! Alifumua kidonge, akamwaga unga juu ya kidonda, mgonjwa akameza viwili, maumivu yakitulia basi. Nani alimfundisha? Hakuna. Mazoea tu.

Siku moja mumewe, Batholomeo, akajikata jembe mguuni akipalilia mizabibu. Evarista akamwaga unga, akafunga kitambaa. Leo kidonge, kesho hakuna, keshokutwa viwili. Wiki ya pili mguu ukavimba hadi gotini, unanuka, na lile pande la mtu likawa linalia. Wakamkimbiza hospitali.

Daktari hakuzungukazunguka. "Isipopatikana dawa inayowaweza wadudu hawa, tutaukata."

Evarista akakaa chini palepale.

Wakachukua usaha, wakauotesha maabara. Siku ya tatu akaitwa na Dilnaz, binti wa Kihindi aliyefanya kazi humo.

"Shikamoo mama. Njoo uone mwenyewe."

Kilikuwa kisahani kidogo, kimetandwa na kitu kama ukungu wa ugali uliolala, na juu yake vikaratasi vidogo vya duara. "Hao ndio wadudu wa mguu wa baba," Dilnaz alisema. "Na kila kikaratasi hapo kimeloweshwa dawa yake. Dawa inayowaua, pembeni yake panabaki pasafi."

Salaale! Evarista akainama karibu zaidi. Viumbe ambao jicho haliwaoni, leo wamejaa mbele yake, wengi kuliko watu wa Dodoma nzima!

"Rangi mbili ni ipi?"

Dilnaz akamwonyesha. Wadudu walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa kikaratasi, hawana habari.

"Dozi ya kudokoadokoa inaua wale dhaifu, mama. Wanabaki sugu, na hao ndio wanaozaana. Nani alimpa?"

"Mimi," Evarista alisema, na machozi yakamtoka. "Mimi mwenyewe, mwanangu."

Kikaratasi kimoja tu kilikuwa na duara safi. Dawa yake ilikuwa ya sindano, siku kumi na nne.

Siku ya tano homa ikashuka, uvimbe ukanywea. Batholomeo akaanza: "Mama Elisante, mimi nimepona. Zabibu zinaozea shambani. Waambie sindano basi."

"Baba Elisante, nimewaona kwa macho yangu," Evarista alisema. "Wamekaa kwenye dawa yangu kama wako kwao. Utachomwa mpaka ya mwisho, hata ukinichukia."

Alinuna, lakini alichomwa.

Siku ya kumi na nne Batholomeo akashuka kitandani, akaukanyaga mguu wake sakafuni, akapiga hatua. Evarista akapiga magoti, akaushika ule mguu kwa mikono miwili, akavihesabu vidole vyote vitano.