Vipande Vitatu Mfukoni mwa Afisa

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, saa nne kamili asubuhi, Mama Vigae alikuwa amekwisha kupiga magoti kwa saa sitini na nane na dakika arobaini, katika muda wa siku sita, kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo. Alikuwa fundi wa kubandika vigae, na magoti yake yaliijua sakafu kuliko viatu vya watu wengi. Alikuwa amesimamisha vipande elfu thelathini na moja na mia nne vya dhumna. Rekodi ya kuviangusha kwa mnyororo mmoja ilikuwa elfu thelathini, naye alikuwa ameiwinda kwa miaka tisa.

Vipande elfu nne mia mbili na kumi na viwili vya mwisho vilichora uso wa mgeni rasmi. Hilo ndilo lililokuwa sharti la kupewa ukumbi. Penye sikio la kushoto aliacha pengo la vipande vitatu, kama ilivyo ada ya kazi hiyo, ili kimoja kikiteleza kisiviponze vyote. Pengo huzibwa dakika ya mwisho.

Alipoinama kuliziba, afisa itifaki alimjia kwa ncha za vidole.

"Mama, unataka kumwangusha Mheshimiwa hadharani?"

"Ni dhumna, mwanangu. Zimepangwa ili zianguke."

"Nyingine zianguke. Yeye abaki." Akanyoosha kiganja. "Lete hivyo."

Mdogo wake Mama Vigae, aliyeshika rula, akanong'ona, "Dada, usimpe! Miaka tisa hiyo!"

"Nisipompa, atatutoa nje na rula yako."

Akampa.

Mgeni rasmi aliwasili saa saba, akaomba radhi kwa hotuba ya dakika hamsini juu ya kutunza muda. Kisha akasukuma kipande cha kwanza. Vipande vikaanza kulala kwa mlio wa mvua juu ya bati, na Mheshimiwa akasahau cheo, akavifuata mbio huku tai imemrukia begani. Mlio ulipofika sikioni, ukakoma.

"Mbona mimi nimebaki?" akauliza, kama mtoto aliyetolewa mchezoni.

Afisa akatazama dari.

"Vitatu vimo mfukoni mwake, Mheshimiwa," akasema Mama Vigae.

"Virudishe upesi!"

Lakini mwamuzi wa rekodi alikuwa amekwisha kufunga daftari. Mnyororo ukikatika, hesabu imefungwa: elfu ishirini na saba, mia moja themanini na vinane.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema afisa, kana kwamba ndoo ilijimwaga yenyewe. Papo hapo akabandika ilani ukutani: picha isiguswe bila kibali chenye saini ya Mheshimiwa.

Mwaka mmoja baadaye Mheshimiwa alikuwa ameshindwa uchaguzi na saini yake haikuwa na nguvu tena. Uso wake ulikuwa ungali umesimama ukumbini, ilani ingali ukutani, na Mama Vigae, ambaye bila vipande vile hakuweza kujaribu upya, alikuwa akisubiri kibali.